Ufuo Usimame Kabla ya Msiba

Mtu akizama katika Ziwa Victoria upande wetu wa Kenya, ufuo husimama. Boti hazitoki kuvua, nyavu hubaki juu ya nyasi, na injini huwashwa kwa kazi ya msako tu. Wavuvi wa fuo za jirani huja na boti zao bila kubembelezwa. Wenye boti hutoa petroli bila kuuliza itarudi vipi. Siku ya kwanza inapita, ya pili inapita, mara nyingine hata ya tatu, mpaka mwili upatikane, na sijasikia mtu mwenye haya akilalamika hadharani kwamba amekosa riziki kwa sababu ya msako.

Kwa hiyo kusimamisha kazi tunajua, tena tunajua vizuri. Ninalouliza ni hili: ikiwa ufuo mzima unaweza kulala siku tatu kwa ajili ya marehemu, kwa nini hauwezi kulala usiku mmoja kwa ajili ya walio hai?

Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma. Karakana yangu iko Maseno, kando ya barabara ya Kisumu kwenda Busia, si mbali na kibao cha ikweta ambapo wageni hushuka kwenye magari kupiga picha. Natengeneza mageti na madirisha, na siku hizi vyuma vya kushikilia injini za boti zinazotoka Seme. Kabla ya hapo nilikuwa Ghuba, nikichomelea mabomba kwenye mitambo ya mafuta katikati ya bahari. Huko nilipewa kadi ya ukubwa wa kitambulisho, imeandikwa kwa Kiingereza, Kiarabu na Kihindi, niibebe mfukoni kila siku. Ilisema kwamba yeyote anayeona hatari ana ruhusa ya kusimamisha kazi, na hataadhibiwa.

Mwanzoni niliidhani ni karatasi ya kufurahisha wakaguzi. Kisha nikaiona ikifanya kazi. Shamali ilikuwa inavuma, ule upepo wa kaskazini-magharibi unaobeba vumbi la jangwa mpaka baharini. Kreni ilikuwa inanyanyua mabomba kutoka kwenye meli ya mizigo iliyokuwa ikinesanesa chini yetu. Kipimo cha upepo kilikuwa bado chini ya kiwango cha kusimama. Kijana mmoja wa Nepal, mfunga majukwaa ya vyuma, mtu wa mshahara wa chini kabisa pale, aliona kamba ya kuongozea mzigo inamburura mwenzake kuelekea ukingoni. Akainua mikono yote miwili, ishara ambayo mwendesha kreni lazima aitii hata ikitoka kwa mpishi. Kreni ikasimama. Meli ikasubiri, na meli ile ilikuwa inalipiwa kwa saa.

Upepo ukatulia baadaye na mabomba yakapandishwa. Kesho yake, kwenye kikao cha alfajiri kabla ya kazi, msimamizi wetu, mzee wa Kerala asiyecheka ovyo, alimwita yule kijana mbele ya watu akampa mkono. Hakutaja kwamba upepo haukufika kiwango. Alisema muda uliopotea utalipwa kama kawaida, na mwingine akiona kitu afanye vivyo hivyo. Kikao kikaisha, tukaenda kazini.

Sisimulii haya ili kuisifu Ghuba. Kule kuna vibarua wasiothubutu kufungua mdomo kwa sababu pasipoti zao ziko kwenye kabati la tajiri, na joto la Agosti lina makaburi yake. Wala kadi ile haikuandikwa kwa huruma. Biashara ya mafuta ya baharini iliinunua kwa maiti. Tarehe 15 Februari 1982, mtambo wa Ocean Ranger ulipinduka katika dhoruba nje ya Newfoundland, Kanada, ukaua watu wote 84. Wimbi lilivunja kioo cha dirisha la chumba cha kusawazisha mtambo, maji yakaingia kwenye swichi za umeme, na waliokuwa zamu hawakuwa wamefunzwa vya kutosha kuukabili mkasa huo. Nguo za kuwakinga na baridi ya maji hawakuwa nazo za kuwatosha wote.

Miaka sita baadaye, usiku wa 6 Julai 1988, mtambo wa Piper Alpha uliungua katika Bahari ya Kaskazini na kuua watu 167. Pampu moja ilikuwa kwenye matengenezo, vali yake ya usalama imeondolewa. Zamu ya usiku haikujua, ikaiwasha. Lakini kinachonikosesha usingizi katika kisa hicho si pampu. Mitambo miwili ya jirani, Claymore na Tartan, iliendelea kusukuma mafuta na gesi kwenye mabomba yaliyounganishwa na Piper Alpha huku mwenzao akiungua mbele ya macho yao. Wakubwa wa mitambo ile hawakuona kama wana mamlaka ya kusimamisha uzalishaji bila kuambiwa kutoka nchi kavu. Jaji Cullen wa Scotland alichunguza, akatoa ripoti mwaka 1990 yenye mapendekezo 106, na yote yakakubaliwa. Kadi niliyobeba mfukoni ni mjukuu wa moto ule.

Kenya nayo imewahi kutafuta mafuta baharini. Kisima cha Mbawa kilichimbwa nje ya pwani yetu mwaka 2012, kile cha Sunbird mwaka 2014, na kilichopatikana hakikutosha biashara. Hivyo hatuna mitambo ya baharini. Tulicho nacho ni maelfu ya vijana wanaoingia ziwani kila jioni kwa boti za mbao, na hao ndio wafanyakazi wetu wa majini.

Hatari inayowakabili huanzia huku kwetu milimani. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, na upepo hutoka ziwani kuja bara. Unapanda kuelekea Maseno, Nandi na Kericho, na ikifika saa nane au saa tisa mchana mvua inatushukia, mara nyingine na mawe. Usiku mambo yanageuka. Nchi kavu inapoa, ziwa linabaki na joto lake, na upepo unatoka kandokando yote kwenda katikati ya maji. Ukikutana huko hauna pa kwenda ila juu. Hapo ndipo radi za usiku zinapozaliwa. Ukisimama mahali palipo wazi hapa Maseno saa nane za usiku, nyota zikiwa zimejaa juu yako, unaweza kuona umeme ukichanachana anga upande wa ziwa bila kusikia ngurumo hata moja.

Wanasayansi waliochunguza picha za setilaiti na kuchapisha matokeo yao mwaka 2016 walionyesha mambo mawili ambayo kila ufuo ungepaswa kuyajua. La kwanza, dhoruba hizi za usiku zinatarajiwa kuzidi ukali dunia inavyozidi kupata joto, tena ziwani kuliko nchi kavu. La pili, mvua kali ya mchana bara mara nyingi hutangulia usiku mbaya ziwani. Ndiyo maana mawe yakipiga mabati ya karakana yangu alasiri, mimi humpigia simu mtoto wa ndugu yangu aliyeko ufuo mmoja wa Seme, chini ya Kombewa.

Yeye ni mvuvi wa omena. Omena huvuliwa usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo, kwa sababu taa ndiyo inayowaita. Boti hutoka kabla jua halijazama, taa zinaelea juu ya maji usiku kucha, wavu unavutwa mara kadhaa, na alfajiri akina mama wanangoja ufuoni na mabeseni yao. Pima saa hizo na saa za radi: saa ya kazi ya mvuvi wa omena ndiyo saa ya kazi ya dhoruba. Hakuna mhandisi wa usalama kwenye mtambo wowote ambaye angekubali ratiba kama hiyo bila kuiwekea masharti.

Majibu ya kijana wangu kwenye simu ni yaleyale. "Baba mkubwa, hata sisi tumeona wingu. Lakini nikikataa kutoka, kesho kuna mtu amekaa mahali pangu." Hana mshahara. Boti ikirudi, petroli na gharama za taa zinatolewa kwanza, mwenye boti anachukua fungu lake, kinachobaki wanagawana waliovua. Boti ikikaa, kila fungu ni sufuri, pamoja na la mama aliyekwisha kutoa hela mapema ili auziwe yeye. Katika mpangilio huo, anayesema "leo tusitoke" anaonekana kama mtu anayewanyima wenzake chakula. Mnepali wangu alilipwa siku ile. Kijana wangu halipwi, na tofauti hiyo inaeleza zaidi kuliko mahubiri yote kuhusu ujasiri na ujinga.

Nasema hivyo kwa sababu wavuvi wetu husingiziwa sana. Baada ya kila ajali utasikia kwamba ni wakaidi, wanajiona wanalijua ziwa, hawataki jaketi za kuokoa maisha. Tuanze na hizo jaketi. Zile pana za rangi ya machungwa wanazogawiwa kwenye hafla zenye mahema na hotuba zimetengenezwa kwa abiria aliyeketi. Mvuta wavu akiivaa, mikono haifungi vizuri, kamba zinanasa kwenye nyuzi, jasho linamchoma. Anaivua, inawekwa chini ya ubao, inakuwa mto wa kulalia. Kwenye mtambo tulikuwa na aina nyembamba, yenye povu kifuani na mgongoni, mabega yakiwa huru, nami niliweza kuchomelea nikiwa nayo. Atakayenunua jaketi kwa pesa za umma tena, kwanza amvalishe mtu anayevuta wavu, amtazame.

Na jaketi hiyo ina thamani kubwa zaidi hapa kuliko kwenye bahari za baridi. Wafanyakazi wa Ocean Ranger waliangukia maji yanayokaribia kuganda, na baridi ikawamaliza. Maji ya ziwa letu yana joto la nyuzi 25 hivi karibu mwaka mzima. Mtu anayeelea katika maji hayo ana nafasi nzuri ya kufikia asubuhi na kuonwa na boti ya kwanza. Wetu wengi hufa kwa sababu hawana cha kuwashikilia juu. Kuhusu gharama, nimepiga hesabu na wenye boti wanaokuja kwangu: jaketi nzuri za watu wanne hazifiki petroli ambayo boti hiyohiyo inachoma kwa wiki moja ya giza.

Utabiri nao upo. Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya hutoa utabiri wa ziwa. Kati ya mwaka 2017 na 2020 kulikuwa na mradi wa HIGHWAY, chini ya Shirika la Hali ya Hewa Duniani na kwa fedha za Uingereza, uliozikutanisha nchi za ziwa kuboresha tahadhari kwa wavuvi. Redio za Kidholuo husoma hali ya hewa na simu hupokea ujumbe. Habari inamfikia mvuvi. Kinachokosekana ni mtu mwenye mamlaka ya kuifanyia kitu habari hiyo jioni ileile. Wakubwa wa Claymore nao waliuona moto kwa macho.

Tazama pale Kisumu. Kampuni ya Bomba la Mafuta ya Kenya ilijenga gati la mafuta lililokamilika mwaka 2018, likakaa bila kazi likingoja bohari ya upande wa Uganda, na sasa meli ya mafuta hupakia hapo. Katika kazi ya kupakia petroli duniani kote radi ikikaribia vali hufungwa, na nahodha haombi msamaha kwa mtu. Kilomita chache kutoka hapo, chini ya wingu lilelile, boti ya omena inatoka na watu wanne na taa zao. Petroli imewekewa masharti ya kuingia majini, binadamu hakuwekewa.

Sheria hazikosekani kabisa. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtambua mfanyakazi anayeripoti hatari kubwa. Mkataba nambari 188 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka huohuo, unamhesabu kuwa mvuvi hata yule anayelipwa kwa fungu la samaki. Lakini sheria inayosomwa Nairobi na Geneva haina mtu wa kuisimamia saa kumi na moja jioni kwenye mchanga wa Seme. Aliyepo pale ni mwenyekiti wa BMU, ile kamati ya ufuo ambayo kila mvuvi anaijua, inayoandikisha boti na kupatanisha wagomvi. Ndiyo hiyohiyo inayotangaza ufuo usimame mtu akizama. Basi mamlaka hayo yatangulizwe kwa saa kumi na mbili, kabla mtu hajazama.

Ninachopendekeza si kigumu. Utabiri ukionya kuhusu dhoruba usiku, BMU ifunge ufuo, na kufungwa kuwe kwa boti zote, ya tajiri na ya maskini. Usiku wa kufungwa uwe na malipo. Kila boti ikate kiasi kidogo cha mauzo ya kila giza, kiingie kwenye mfuko wa ufuo, na serikali ya kaunti iongeze juu yake kutoka kwenye ushuru wa samaki inaokusanya. Malipo yasilingane na usiku wa neema. Yatoshe unga na mafuta ya taa nyumbani. Leseni ya boti isitolewe mpaka jaketi za watu wote zionekane, na jukumu liwe la mwenye boti, wala si la kibarua. Baada ya kila usiku mbaya, waliorudi salama wakae na kamati dakika chache waeleze walichokiona, kiandikwe. Kwenye mitambo tuliandika hata ajali zilizokosa kutokea, kwa kuwa aliyenusurika anaweza kuulizwa maswali.

Daftari hilo lina kazi nyingine. Hesabu inayotajwa mara nyingi na mashirika ya kimataifa ni kwamba watu kati ya 3,000 na 5,000 hufa ziwani kila mwaka katika nchi zote tatu za ziwa hili. Ni makadirio tu, na upana wake wenyewe unatuumbua. MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996, na MV Nyerere ilipopinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018 na kuua watu 228, kulikuwa na maombolezo na uchunguzi. Boti ya omena huzama na watu watatu au wanne, ikapata dakika moja redioni. Zikijumlishwa boti hizo ni MV Nyerere nyingi, ila zimegawanywa katika fuo nyingi na usiku mwingi, kwa hiyo hakuna tume inayoundwa.

Kuna jambo moja ambalo BMU haiwezi kulimaliza peke yake. Sehemu ya Kenya katika ziwa hili ni asilimia 6 tu. Nyingine ni ya Uganda na Tanzania. Upepo ukimkamata mvuvi mbali, kisiwa kilicho karibu huenda si cha nchi yake, naye anajua wenzake waliokamatwa wakanyang'anywa injini kwa kuvuka mpaka. Baadhi huamua kupambana na mawimbi kuliko kupambana na askari. Meli kubwa iliyo hatarini huruhusiwa kukimbilia bandari ya nchi yoyote, na hiyo ni desturi ya kale ya bahari. Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria ina makao yake hapa Kisumu. Izishawishi nchi tatu zitie saini jambo moja fupi: anayekimbia dhoruba hakamatwi.

Najua pingamizi. Wataniambia ufuo mmoja ukifunga, wa jirani utatoka na kuuza kwa bei nzuri. Ni kweli, na ndiyo sababu kufunga kusiachwe kwa ufuo mmojammoja. Fuo za Seme, Asembo na Uyoma zifunge kwa tangazo moja, zinavyofungua msako kwa pamoja. Wataniambia pia utabiri hukosea. Hukosea, naam. Hata kipimo cha upepo kwenye mtambo wetu kilisema kazi iendelee, na kijana wa Nepal akaona kingine. Usalama una usiku wake wa hasara, na aliyeahidiwa usalama bila hasara amedanganywa.

Kwa hiyo jaribio lenyewe halitakuwa usiku wa dhoruba. Litakuwa usiku ule BMU itakapofunga ufuo na ziwa likalala kimya mpaka asubuhi. Watu watacheka, mwenye boti atanung'unika, akina mama watarudi na mabeseni matupu. Gavana, afisa wa uvuvi, chifu na padri, nawaomba msingoje mazishi: nendeni ufuoni asubuhi hiyo, mwiteni mwenyekiti wa BMU mbele ya watu, mpeni mkono, na mhakikishe mafungu ya usiku ule yamelipwa kabla hamjaondoka.